Kumbe Ilikuwa Kitufe cha M

Jumapili moja usiku, mwaka 2019, nilishuka kwenye teksi Kampala nikitoka Masaka, memori kadi nne zikiwa shingoni ndani ya kimfuko nilichokishona mwenyewe. Kadi hizo zilibeba saa saba za kwanjula, sherehe ya Kiganda ya kumtambulisha bwana harusi ukweni, zilizopigwa na kamera tatu, na nilikuwa nimeahidi mbele ya wazee wa pande zote mbili kwamba video ingefika Ijumaa. Mimi ni mtoto wa Busia. Kwetu ukiahidi mbele ya wazee, umeahidi.

Chumba changu cha kazi kiko ghorofani Katwe, juu ya mafundi wa kuchomelea vyuma. Wakati huo nilikuwa na kompyuta mpakato ya mtumba yenye memori ya gigabaiti 8. Nikaingiza picha, nikabonyeza kitufe cha kucheza. Msemaji wa upande wa bwana harusi, ambaye siku iliyotangulia alikuwa amewachekesha watu mia tatu hadi wakashika mbavu, sasa alikwenda kwa kurukaruka: mdomo wazi, mdomo umefungwa, mkono juu, kimya. Sauti ilikuwa inakimbia, picha imesimama. Nilijaribu hadi saa tisa usiku. Nilikuwa nimekata dakika nne.

Kwa miaka mitatu nilikuwa naweka pesa kwenye chama cha akina mama nikiamini kwamba shida zangu zote zingekwisha siku nitakayonunua kompyuta kubwa. Kila kazi iliponishinda nililaumu mashine. Asubuhi ile nilikwenda chumba cha pili kumgongea jirani, Mkongo wa Bukavu ambaye sote tulimwita Fundi. Kazi yake ilikuwa kuhariri nyimbo za kwaya. Nilitaka anikopeshe kompyuta yake kwa wiki moja.

Hakunikopesha. Alikuja, akakaa kwenye kiti changu, akatazama kwa dakika moja hivi, kisha akasema, “Dada, hii mashine haiumwi. Umeibebesha gunia zima wakati ungeweza kuligawa.”

Akafungua menyu ambayo nilikuwa nimeipita mara elfu, akachagua klipu zote, akaiambia programu itengeneze nakala nyepesi, zile wahariri wanaziita proksi. Akaniambia nikalale.

Sababu yake nilikuja kuielewa baadaye, na nikishaielewa sikuisahau. Kamera nyingi hubana picha kwa mtindo wa H.264. Katika mtindo huo si kila fremu, yaani kila picha moja moja inayounda video, inayohifadhiwa nzima. Moja huwekwa kamili, na zinazofuata huandikwa tofauti zake tu: hapa mkono umesogea, pale kitambaa kimepepea. Faili inakuwa ndogo, jambo zuri kwa kadi. Lakini ukitaka kuona fremu iliyo katikati, kompyuta lazima irudi kwenye ile iliyo kamili, ijumlishe tofauti zote zilizofuata, ndipo ikuonyeshe. Ukiwa unakata na kurudi nyuma na kwenda mbele, inafanya hesabu hiyo bila kupumua. Nakala nyepesi hutengenezwa kwa mtindo mwingine, kama ProRes au DNxHR, ambamo kila fremu inasimama kwa miguu yake, na picha yenyewe inapunguzwa ukubwa hadi nusu au robo. Unahariri kwa kutumia nakala hizo, halafu wakati wa kurenda, yaani kutoa video ya mwisho, programu inarudi kwenye picha halisi. Mikato yote iko palepale.

Jumatatu jioni msemaji wangu alikuwa anaongea kama mtu. Kompyuta ni ileile.

Tahadhari moja, kwa sababu iliniuma: kwenye ukurasa wa kurenda kuna kisanduku cha kuchagua kwamba video ya mwisho itokane na nakala nyepesi. Kazi moja niliyotoa mwaka uliofuata nilikiacha kimetiwa alama. Kwenye simu haikuonekana tofauti. Ukumbini, kwenye projekta, nyuso za maharusi zilikuwa na ukungu, na mama wa bibi harusi aliniuliza kwa upole kama lenzi yangu ilikuwa chafu. Tangu siku hiyo nakiangalia kisanduku hicho kabla ya kurenda, kisha nakiangalia tena.

Programu aliyonihamishia Fundi ni DaVinci Resolve, toleo la bure, na mengi nitakayosema yapo pia kwenye Premiere Pro na kwenye Kdenlive, isipokuwa vitufe vinatofautiana. Sina ugomvi na anayetumia kingine. Lakini mimi hunigusa kufikiri kwamba mfumo huo wa rangi zamani uliuzwa kwa mamia ya maelfu ya dola kwa studio kubwa za filamu. Kampuni ya Blackmagic Design iliinunua da Vinci mwaka 2009, na mwaka 2011 ikatoa toleo lisilolipiwa. Ndivyo chombo cha watu wa Hollywood kilivyofika Katwe, juu ya mafundi wa vyuma.

Sasa kitufe cha M.

Kabla ya Fundi nilikuwa na daftari. Nilitazama picha zote, nikaandika: saa 1 dakika 12, ssenga (shangazi wa bibi harusi) anamtambua bwana harusi, saa 1 dakika 40, jogoo wa muko (shemeji, kaka wa bibi harusi). Kisha nilianza kukata na kugundua kwamba nikishakata mwanzo, nyakati zote za daftarini zimehama. Fundi alilitazama daftari lile kwa huruma. Akaniambia nipange picha zote mbichi kwenye taimulaini moja, ule mstari wa muda ambao klipu hupangwa, nisikate chochote, nianze kuicheza, na kila nikiona kitu nibonyeze M. Alama ndogo inajichomeka juu ya taimulaini pale kilipo kijiti kinachoonyesha video imefika wapi, na uchezaji haukatiki. Ukibonyeza M mara ya pili, kinafunguka kidirisha cha kuandika neno na kuchagua rangi. Baadaye unafungua orodha ya alama zote, unachuja kwa rangi, unabofya mstari, na kijiti kinakupeleka pale.

Rangi zangu ni hizi hadi leo. Nyekundu ni kasoro: mtu amepita mbele ya kamera, kipaza sauti kimeguswa. Njano ni kicheko. Buluu ni zawadi, kwa sababu kwenye kwanjula kila kikapu kina mwenyewe, na mwenyewe atakuuliza. Kijani ni wazee. Mzee yeyote akifungua mdomo, hata kama anaagiza maji, namwekea alama ya kijani. Hilo alinisisitizia Fundi, na wakati ule sikumuuliza sababu. Niliona ni heshima tu.

Kwenye kazi ya Masaka niliweka alama zaidi ya mia mbili. Kiluganda nakisema, lakini si lugha ya mama yangu, na wasemaji wa kwanjula wanazungumza kwa mafumbo, methali juu ya methali, upande mmoja unatega na mwingine unategua. Hapo vitufe vya J, K na L vikawa msaada mwingine. L inacheza mbele, J inarudisha nyuma, K inasimamisha. Ukibonyeza L mara mbili unakwenda kwa kasi maradufu, na sauti bado inasikika, kwa hiyo hotuba ya kawaida unaipitia kwa nusu ya muda. Ukishika K huku umebonyeza L, mtu anaongea polepole kama anayefundisha mtoto. Methali ambazo zilinipita nikiwa uwanjani nilizielewa nikiwa nimekaa Katwe, vidole vitatu kwenye kibodi. Nikajua pia watu walicheka nini, na kwa hiyo nikajua kicheko kianzie wapi na kiishie wapi. Mhariri asiyeelewa mzaha huukata kabla haujaiva.

Kukata kwenyewe nako nilikuwa nakufanya kwa taabu. Nilikuwa nachukua wembe, nakata, narudi kwenye mshale, nachagua kipande, nafuta, kisha nasogeza kila kilichobaki ili kuziba pengo. Hatua sita kwa kila mkato. Kwenye Premiere, Q inafuta yote yaliyo kati ya mwanzo wa klipu na kijiti na kuziba pengo papo hapo. W inafanya hivyo upande wa mbele. Kwenye Resolve ni Ctrl na Shift pamoja na mabano ya mraba, na mimi nimevibadilisha kwenye mipangilio viwe Q na W vilevile, kwa sababu mkono wangu wa kushoto unakaa hapo. Video ya harusi moja inaweza kuwa na mikato mia nane. Piga hesabu mwenyewe.

Lakini kama ningeambiwa nibaki na kidude kimoja tu cha kukatia, ningechukua kile cha kutelezesha. Wengi wanakipita. Klipu yako inabaki mahali pake na urefu wake, jirani zake hawaguswi, ila kilicho ndani yake kinatelezeshwa mbele au nyuma. Kwenye Premiere ni kitufe cha Y. Kwenye Resolve unabonyeza T kisha unashika klipu katikati na kuivuta. Nilikiona thamani yake kwenye kipande cha sekunde tatu cha mwanamke mwenye gomesi ya zambarau akipiga magoti kuweka kikapu. Muziki ulikuwa umekaa vizuri, ngoma inadunda, ila kikapu kiligusa mkeka nusu sekunde baada ya mdundo. Zamani ningefuta na kuanza upya, na kila kilichofuata kingehama. Nilitelezesha fremu kumi na mbili. Kikapu kikatua na ngoma ikadunda. Nilikaa nikaitazama mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Nimekuwa nikijiuliza vitu hivi vina undugu gani, maana vijana wanaokuja kwangu kujifunza huja na flashi zilizojaa maelfu ya madoido waliyouziwa mjini: moto, vioo vinavyopasuka, mioyo inayozunguka. Siyapendelei madoido hayo, na nawaambia wazi. Vidude ninavyovisema hapa mtazamaji havioni kamwe. Kazi ya vidude hivyo ni kuondoa kompyuta katikati yangu na yule mtu aliye kwenye picha, ili macho yangu yabaki kwake.

Sauti ndiko nilikoteseka kuliko kote. Mara nyingi ndugu wa bwana harusi hupiga sehemu kwa simu, kisha ananiletea akitaka iingie. Kuoanisha simu na kamera si kazi: unachagua klipu zote mbili, unaiambia programu izipange kwa kufuata umbo la mawimbi ya sauti, inasikiliza na kuzisogeza hadi zilingane. Sekunde chache. Siku ambazo sauti ya simu ni mbovu, namwomba mtu apige kofi moja mbele ya kamera zote, na hilo kofi ndilo linaloonekana kama mlingoti kwenye mawimbi.

Basi, kulikuwa na hotuba ya dakika arobaini iliyopigwa kwa simu. Mwanzoni midomo na maneno vililingana kabisa. Dakika ya kumi nikaona kama kuna kitu. Dakika ya thelathini mzee alikuwa anafunga mdomo kabla sentensi haijaisha. Nilikata hotuba vipande ishirini, nikavisogeza kimoja kimoja. Kazi ya siku mbili. Niliyemuuliza akaniambia simu hiyo imeharibika, niitupe.

Simu haikuwa na kosa. Simu nyingi hazipigi picha kwa mwendo mmoja. Mwanga ukipungua, au simu ikipata joto, idadi ya fremu kwa sekunde inashuka kisha inapanda, na programu ya kuhariri inatarajia idadi ileile mwanzo hadi mwisho. Tofauti ndogo inajumlika hadi inaonekana. Dawa yake ni programu ya bure iitwayo HandBrake: unaipa video ya simu, unachagua mwendo usiobadilika, fremu 25 kama ndio mwendo wa kazi yako, inakutolea faili mpya. Kitufe kimoja cha duara. Siku hizi picha yoyote ya simu inapita huko kwanza kabla ya kuingia kwenye taimulaini yangu, hata kama mwenye simu ananiapia kwamba ni mpya.

Na kuna hili la kushusha muziki mtu anapoongea. Nikiwa msichana Busia tulikwenda kwenye kibanda cha video, viti vya mbao, filamu ya Kihindi au ya Kichina, na VJ amekaa pembeni na kipaza sauti akitufasiria. Uganda nzima inawajua mavijei. Nilipenda kuutazama mkono wake kuliko filamu. Kila alipotaka kusema, mkono ulishusha sauti ya filamu kabla mdomo haujafunguka, kisha ukairudisha taratibu alipomaliza, na risasi zikaanza kusikika tena kama vile zilikuwa zimemngoja. Hakuwa na kompyuta. Alikuwa na kirungu kimoja cha sauti na sikio.

Nilipoanza kuhariri, muziki wangu na wasemaji walikuwa wanagombana. Nilikuwa nachomeka nukta kwenye mstari wa sauti, shusha hapa, pandisha pale, nukta mia nne kwa video moja. Premiere Pro ilipewa uwezo wa kufanya hivyo yenyewe mwaka 2018: unaiambia safu hii ni maongezi, safu hii ni muziki, inachomeka nukta zote kwa pamoja. Kwenye Resolve nafanya kwa kubana sauti ya muziki kwa kusikiliza safu ya maongezi. Lakini mipangilio inayokuja na programu hushusha muziki ghafla mno, na hurudisha haraka kila msemaji anapovuta pumzi, hadi muziki unahema naye. Nilipoukumbuka mkono wa yule VJ nikaelewa la kurekebisha: ushuke upesi kidogo, upande polepole, na ungoje kama sekunde moja na nusu kabla ya kuanza kupanda. Kipimo hicho kilitoka kwenye kibanda cha Busia, na sijakibadilisha.

Rangi sitazisemea sana. Hema zetu hupambwa kwa vitambaa, na kikiwa cha rangi ya chungwa basi wageni wote wana nyuso za chungwa. Nasahihisha klipu moja kwa subira, nainakili, nachagua nyingine zote za hema hilo, nabonyeza Alt na V, ninachagua ni sifa zipi zibandikwe. Weka alama kwenye rangi pekee. Ukiweka na kwenye ukubwa wa picha utawavuta watu wote karibu bila kukusudia. Na taa za ukumbi zikimetameta kwenye picha, kosa lilifanyika kwenye kamera: umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo kasi ya shata, muda ambao kamera inafunguka kupokea mwanga, iwe 1/50 au 1/100 ya sekunde. Ikiwa kosa limeshafanyika, weka nakala ya klipu hiyohiyo juu yake, isogeze fremu moja, ipunguze uzito hadi nusu ili ya chini ionekane kupitia kwake. Haiponi kabisa, lakini inavumilika.

Mafundi wa chini wakiwasha mashine zao, taa zangu hufifia. Mara nyingine hazirudi. Mwaka wangu wa kwanza nilipoteza siku nzima ya kazi hivyo, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, kwa sababu nilikuwa nahifadhi nikikumbuka, na kazi ikinoga hukumbuki. Nililia. Kwenye Resolve kuna mpangilio uitwao Live Save: kila unachokifanya kinaandikwa papo hapo. Kuna na mwingine wa kutunza matoleo ya nyuma kila baada ya dakika kadhaa. Viwashe vyote viwili. Cha kwanza kinakulinda na umeme, cha pili kinakulinda na mkono wako mwenyewe siku utakapofuta kitu na kuja kukitaka baada ya saa mbili. Na folda ya matoleo hayo ihamishie kwenye diski nyingine, isikae pamoja na mradi wenyewe. Mtu haweki ufunguo wa akiba ndani ya nyumba aliyoifunga.

Kuna herufi moja ilinitesa mwezi mzima. Kiluganda kina ŋ, kama kwenye eŋŋoma, ambayo ndiyo ngoma yetu. Wateja wengi wanaoishi Uingereza na Kanada huomba maandishi chini ya picha ili watoto wao wafuate, Kiluganda juu na Kiingereza chini. Niliandika kwa uangalifu kwenye faili ya SRT, nikaiingiza, na kila palipokuwa na ŋ pakawa na alama ya kuuliza. Ngoma ikawa swali. Ilitokana na namna faili ilivyohifadhiwa: kwenye kidirisha cha kuhifadhi cha Notepad, chini kabisa, kuna orodha ndogo, na ilikuwa kwenye ANSI, ambayo haiijui herufi hiyo. Inatakiwa UTF-8. Windows 10 ya kuanzia mwaka 2019 inachagua UTF-8 yenyewe, lakini yangu ilikuwa ya zamani. Ikiwa badala ya alama ya kuuliza unaona kijisanduku kitupu, basi faili ni nzima na fonti ndiyo haina herufi; badilisha fonti. Naliandika hili kwa urefu kwa sababu nimeona video nyingi ambazo wahariri, badala ya kutafuta, waliandika n tupu. Lugha ya watu si ya kukatwa kama mkia wa klipu.

Halafu kuna flashi. Mama mmoja wa Mityana alinipigia simu jioni: “Mwanangu, televisheni inasema hakuna kitu.” Nilikuwa nimemwekea faili moja ya gigabaiti 9 kwenye flashi iliyopangwa kwa mtindo wa exFAT, na televisheni yake inasoma mtindo wa zamani wa FAT32 tu, ambayo haipokei faili inayofika gigabaiti 4. Sasa, kabla ya kurenda, namuuliza mteja atatazamia wapi. Kama ni televisheni ya zamani, video ya saa mbili naitoa kwa megabiti 4 kwa sekunde, nayo inaenea ndani ya kikomo na nafasi inabaki.

Desemba 2022 nilipiga harusi ya Bombo, kwa Wanubi. Nikahi asubuhi, ngoma yao ya doluka jioni, wanawake wamesimama na ngoma haijui kuchoka. Babu wa bibi harusi alikuwa mtu wa maneno machache. Alitoa nasaha zake kwa Kiswahili, dakika tatu, na hizo niliziweka kwenye video yao. Mengine aliyoyasema siku ile hayakuingia popote.

Mwaka 2024 walipanda ngazi zangu watu wawili, mama na kijana wake. Walinisalimu, “Asalaam aleikum,” nikaitikia, nikawapa viti. Mama akaniambia babu amefariki wiki tatu zilizopita. Nikampa pole. Akasema video wanayo, wameitazama sana, lakini anataka kujua kama kwangu kumebaki chochote, hata kidogo, chenye sauti ya baba yake.

Picha mbichi huwa nazitunza miaka mitatu. Nilichomeka diski, nikafungua mradi, nikaenda kwenye taimulaini ya picha zote, nikafungua orodha ya alama na kuichuja ibaki rangi ya kijani. Zilikuwa kumi na moja zake. Nikaanza kubofya moja moja. Akiagiza viti visogezwe kivulini. Akimwita mjukuu kwa jina la utani. Akikohoa kisha akisoma dua. Ya saba, kamera ilikuwa inaelekea kwenye mikeka iliyosukwa kwa rangi, yeye hata haonekani, sauti tu inatoka pembeni: “Hawa wapiga ngoma wamekula? Waulizeni kwanza wamekula.”

Mama akaweka mkono mdomoni.

“Hiyo,” akasema. “Irudie, mwanangu.”

Nikairudia. Kijana wake alikuwa ameinama, anatazama sakafu. Mama akasema tena, kwa sauti ndogo zaidi. Nikaweka alama ya mwanzo na ya mwisho, nikabonyeza Ctrl na mkwaju ili ijirudie yenyewe bila mtu kuigusa, nikawaachia kiti changu na spika, nikatoka kusimama kwenye ngazi. Chini mafundi walikuwa wamezima mashine, wanakula chakula cha mchana.